Tumbo la mtoto likivimba upande mmoja, usilikande

Mpanda. Jioni, mama mkazi wa Nsemulwa anamwogesha mwanawe wa miaka mitatu. Mkono wenye sabuni unapita ubavuni na kugusa kitu kigumu. Mtoto halii. Ameshinda akicheza na wenzake na chakula amemaliza. Anaitwa bibi, anabonyeza mara mbili, kisha anatoa uamuzi: hiyo ni bandama, yaletwe mafuta akandwe.

Hali kama hiyo inaweza kutokea katika nyumba yoyote, na jibu la bibi si la kushangaza. Malaria imezoeleka mkoani Katavi na huvimbisha bandama. Minyoo nayo hujaza tumbo. Hata mkojo wenye damu, wengi huuita kichocho moja kwa moja. Mara nyingi huwa ni hivyo kweli.

Lakini mara chache, uvimbe huo huwa ni saratani ya figo ya watoto. Wataalamu huiita uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari bingwa wa upasuaji wa Ujerumani aliyeieleza kwa kina mwaka 1899. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na ikiwahiwa hutibika.

Kwa nini asikandwe

Saratani hii hukua ndani ya figo ikiwa imefunikwa na utando mwembamba. Kukanda au kubonyezabonyeza tumbo kunaweza kuupasua utando huo, seli za saratani zikamwagika tumboni. Mtoto ambaye angehitaji dawa za muda mfupi anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi, pamoja na mionzi. Ndiyo maana hata madaktari huligusa tumbo la mtoto huyo kwa uangalifu.

Dalili kubwa ni uvimbe mgumu wa upande mmoja, mara nyingi usio na maumivu. Wengine hupata homa, mkojo wenye damu au shinikizo la juu la damu. Kutokuwepo kwa maumivu ndiko huwachelewesha wazazi wengi, kwani mtoto anayecheza haonekani mgonjwa.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, ambayo huonyesha kama uvimbe umetoka kwenye figo, bandama au ini.

Kisu hakitangulii

Familia nyingi hudhani mtoto akifika hospitali kubwa atapasuliwa siku hiyo hiyo. Kwa kawaida, katika hospitali nyingi za Afrika, mtoto huanza na tibakemikali kwa wiki nne hadi sita ili uvimbe usinyae na upasuaji uwe salama. Kisha figo lenye ugonjwa hutolewa lote pamoja na uvimbe, bila kuupasua, na tezi za jirani huchukuliwa kupimwa. Figo moja lililobaki likiwa zima, linatosha kwa maisha ya kawaida.

Baada ya hapo dawa huendelea kwa wiki au miezi, kulingana na hatua ya ugonjwa.

Si kila uvimbe wa tumbo hutibiwa kwa kisu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kufuatilia watoto wenye uvimbe wa taya, na ikabainika kuwa wengi walikuwa nao tumboni pia. Saratani hiyo, inayobeba jina lake na kuhusishwa na maeneo yenye malaria nyingi, hutibiwa zaidi kwa dawa. Upasuaji una nafasi ndogo.

Mtego wa kupona nusu

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto wanane kati ya 10 wenye uvimbe wa Wilms hupona. Barani Afrika idadi hiyo iko chini, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati.

Mtego uko hapa: baada ya wiki chache za dawa, tumbo hurudi karibu na kawaida. Nyumbani kuna wadogo zake, msimu wa kilimo umeanza na nauli ya kurudi imekopwa. Familia inaona mtoto amepona na inaondoka kabla ya upasuaji. Uvimbe ukirudi, huwa mgumu zaidi kutibu.

Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, hivyo gharama si ya dawa pekee. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, taasisi ya Tumaini la Maisha husaidia watoto wenye saratani kutibiwa bila malipo, na wazazi hupatiwa malazi. Bugando mjini Mwanza nako kuna matibabu ya saratani za watoto.

Hatua za kuchukua

Ukigusa uvimbe, usimkande mtoto wala kumchanja chale. Mpeleke kituo cha afya na uombe apimwe kwa altrasaundi. Akipewa rufaa, tunza majibu yote na muulize daktari matibabu yatachukua muda gani, ili baba, mjomba na shangazi wajipange mapema nani atabaki hospitali na nani atalea waliobaki nyumbani.

Matibabu yakiisha, usikose kliniki, hasa miaka miwili ya mwanzo, kwani ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika kipindi hicho.

Na bibi aambiwe mapema, kwa heshima, kwamba safari hii mafuta yabaki kwenye chupa.