Bei ya msimu uliopita, picha ya jirani: tabia zinazoua blogu zetu

Kijana mmoja anayetusikiliza kutoka wilaya ya Nachingwea alitutumia meseji ndefu mwezi uliopita. Anasema alifungua blogu kwa simu yake, hakulipa hata shilingi, na kwa mwaka mzima amekuwa akiweka habari kila anapopata bando. Wanaoingia hawafiki ishirini kwa siku, na anahisi nusu yao ni yeye mwenyewe anaporudi kuangalia. Swali lake ni moja tu: "Nakosea wapi?"

Tulipolisoma swali hilo hewani, meseji za namna hiyo ziliingia nyingi kuliko tulivyotarajia. Kumbe vijana wenye blogu huku kwetu si haba. Wapo walimu, wapo mafundi simu, yupo hata katibu wa AMCOS. Tukaona tuliandike jibu hapa, kwa sababu mambo mengine hayatoshi ndani ya dakika kumi za kipindi.

Tuanze na kosa ambalo na sisi tumo ndani yake.

Msimu mmoja wa korosho, siku mbili kabla ya mnada, blogu moja ya vijana wa huku kusini iliandika kwa herufi kubwa kwamba bei imeporomoka. Chini yake palikuwa na picha ya magunia ghalani na aya tatu za maelezo. Habari ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijiji kabla ya saa nne asubuhi. Mtangazaji wetu wa zamu aliiona kwenye simu yake, akaisoma katika kipindi cha asubuhi kama habari ya mtandaoni, akaendelea na muziki.

Mchana simu za studio zikaanza. Mzee mmoja aliuliza mnada umefanyika lini wakati yeye anajua ni kesho kutwa. Tukaifungua ile habari kwa makini. Ilikuwa ya msimu uliopita, tena ya mnada wa chama kikuu kingine kabisa. Yule kijana alikuwa ameikuta mahali, akakopi na kupesti, akaongeza picha. Haikuwa na tarehe wala jina la ghala, na chanzo chake hakikutajwa.

Tulisahihisha hewani mara tatu siku ile. Lakini kuna mama alikuwa tayari amempigia mnunuzi wa kangomba, akamuuzia kilo themanini za korosho alizokuwa bado hajazipeleka AMCOS, kwa sababu alikuwa na mtoto anayesubiriwa shuleni na aliogopa bei itashuka zaidi. Alilipwa chini ya nusu ya bei ambayo jirani yake aliyesubiri aliipata baada ya mnada. Mama huyo alitupigia mwenyewe. Hakututukana, na afadhali angetutukana.

Tunalisimulia hili kwa sababu kila anayetaka kufanikiwa katika blogu huwa anauliza habari za namna ya kupata wasomaji wengi. Ile habari ilipata wasomaji wengi kuliko kitu chochote ambacho blogu ile iliwahi kuandika. Baada ya hapo wasomaji wake wakaanza kuulizana kwenye magrupu kila anapoandika kitu: "Hii ni ya kweli au ni ile ya korosho?" Miezi michache baadaye akaacha kuandika.

Kwa hiyo tabia ya kwanza ya kuacha ni kupandisha kitu usichojua kimetoka wapi na ni cha lini. Tarehe inaonekana kitu kidogo, lakini kwa mkulima ndiyo habari yenyewe. Bei ya korosho, ufuta au mbaazi katika mfumo wa stakabadhi ghalani hubadilika mnada hadi mnada, na ndani ya mnada mmoja kuna bei ya juu na bei ya chini kulingana na ghala na ubora wa mzigo. Tena bei inayotangazwa pale si fedha inayoingia kwenye akaunti ya mkulima, kwa sababu kuna makato yanayotolewa kwanza. Mwenye blogu akiandika "bei ni hii" bila kusema ni ya mnada wa tarehe gani, wa chama kikuu gani, kabla au baada ya makato, amemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Jinsi ya kujikinga si ngumu. Piga simu kwa mtu aliyekuwepo. Viongozi wa AMCOS wanahudhuria minada na wengi wao hupokea simu. Usipompata, subiri. Afadhali uwe wa tatu kuandika kuliko kuwa wa kwanza na ukakosea. Sisi wa redio tulifundishwa hivyo darasani, na bado siku ile tulisahau.

Kukopi kuna ubaya wa pili ambao vijana wengi hawauoni. Mtu anadhani akibeba habari kumi kutoka blogu kubwa za Dar es Salaam, yake itaonekana imejaa. Lakini msomaji wa Liwale anayetaka habari ya msanii au ya Simba na Yanga ameshaisoma kule ilikotoka, tena mapema zaidi. Hana sababu ya kuja kwako. Hata mitambo ya kutafuta habari mtandaoni, kama Google, hujitahidi kumpeleka msomaji palipo na chanzo halisi badala ya nakala.

Angalieni historia ya blogu hapa nchini. Issa Michuzi, aliyeanza blogu yake mwaka 2005, alikuwa mpiga picha wa habari kwa kazi yake. Watu waliingia kwake kila siku kwa sababu alikuwa amefika mahali na kamera, akaweka picha na maneno machache: huyu ni fulani, hapa ni pale, leo kumetokea hiki. Watanzania walioko ng'ambo walifungua ukurasa ule kama mtu anavyofungua dirisha kuangalia nyumbani. Hakuna aliyemshinda kwa mitaa aliyopita yeye. Na wewe wa Tunduru au Ruangwa, hakuna blogu ya Dar inayoweza kukushinda kwa habari ya kijiji chako, ila ukiamua mwenyewe kuiacha.

Picha nazo zina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha kama inavyoulinda wimbo, na kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" si ruhusa. Mtandao haupigi picha. Piga yako, hata kama simu yako ni ya kawaida. Picha yenye ukungu kidogo ya daraja lenu ni bora kuliko picha safi ya daraja la nchi nyingine. Tulishawahi kuona mafuriko ya bara jingine yakiwekwa kama ya mto wetu. Watu walicheka, na kesho yake mto ulipofurika kweli hawakuamini.

Vichwa vya habari tutavipitia haraka kwa sababu kila mtu anavijua. "HUWEZI AMINI ALICHOKIFANYA MWENYEKITI HUYU", unafungua, kumbe mwenyekiti amefungua kikao. Msomaji ametumia bando lake kwa hilo. Atakusamehe mara moja, labda mbili.

Tukitaja bando, hapa tuna la kusema kwa sababu ni kilio cha wasikilizaji wetu wa kila siku. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa inaweza kuwa na MB nne. Weka picha kumi za harusi kwenye ukurasa mmoja, umemkata msomaji MB arobaini, na yeye alinunua bando dogo la siku. Zaidi ya hapo, kwenye kijiji ambacho mtandao unapatikana ukisimama chini ya mwembe fulani, ukurasa huo haufunguki kabisa. Ataona kiduara kinazunguka, ataondoka. Zipo programu za bure za kupunguza uzito wa picha. Ukiishusha ikawa chini ya KB 200, kwenye skrini ya simu macho hayataona tofauti kubwa. Ondoa pia muziki unaojiwasha wenyewe, theluji inayodondoka, saa inayozunguka pembeni, na matangazo yanayofunika maandishi mpaka msomaji atafute alama ya kufungia kwa kucha. Tunajua yanapendeza kuyaweka. Sisi pia tovuti yetu ya kwanza ilikuwa na bendera inayopepea.

Sasa fedha, maana ndiyo wengi wanayoifikiria usiku. Njia inayojulikana zaidi ni matangazo ya Google AdSense. Google hailipi mpaka akaunti yako ifikishe dola 100. Kabla ya hapo, ukifikisha dola 10, wanatuma barua ya kawaida yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako, kwa hiyo unahitaji sanduku la posta linalofanya kazi, lako au la shule au la ofisi uliyokubaliana nayo. Vijana kadhaa wa huku wamekwama hapo kwa miezi kwa sababu waliandika anwani ya kubuni.

Lakini tabia inayowaangusha wengi ni kubofya matangazo yao wenyewe, au kuanzisha grupu la WhatsApp la "bofya yangu nibofye yako". Inakatazwa wazi katika masharti, na mitambo ya Google inaitambua kwa wepesi kuliko mtu anavyodhani. Akaunti ikifungwa, fedha iliyokuwemo inapotea, na kufungua nyingine kwa jina lilelile ni kazi kubwa. Wengine maombi yao hukataliwa tangu mwanzo kwa sababu kila kilichomo kwenye blogu kimekopiwa. Ukweli wetu ni huu: kwa blogu ya wilaya moja, duka la pembejeo au fundi wa baiskeli atakayekulipa kidogo kila mwezi ili tangazo lake likae juu ya ukurasa anaweza kukufaa mapema kuliko dola za mbali. Ila naye hatakuja kama jina lako limeshakuwa la utani kijijini.

Kuhusu sheria, msifanye mzaha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, na kwa ujumla wa ada mtu alihitaji zaidi ya shilingi milioni 2 mwanzoni. Blogu nyingi zilisimama mwaka ule. Mwaka 2022 kanuni zililegezwa na ada ikashushwa. Kabla hujaanza kuandika habari, wasiliana na TCRA uulize blogu yako iko kundi gani na inatakiwa kulipia nini kwa sasa, usitegemee maneno ya kijiweni. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kuudanganya umma, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mambo ya picha za wagonjwa, watoto na waliofiwa nayo yana sheria yake tangu 2022, ya ulinzi wa taarifa binafsi. Hata pasipokuwa na sheria, omba ruhusa. Huku tunajuana, na utakutana na baba wa huyo mtoto gulioni.

Ukikosea, usifute kimyakimya. Hii ni tabia tunayoiona hata kwa wakubwa. Habari iliwekwa asubuhi, jioni haipo, na aliyeisoma hajui kama ilikuwa kweli au la. Iache, andika juu yake kwamba tarehe fulani tulisema hivi, tulikosea, ukweli ni huu. Inauma siku moja.

Tumrudie kijana wetu wa Nachingwea. Tuliifungua blogu yake tukaisoma yote, alituruhusu. Ina habari arobaini na kitu. Zaidi ya thelathini ni za wasanii na mpira, zimebebwa kama zilivyo, baadhi zikiwa bado na jina la blogu nyingine katikati ya aya. Alikuwa akiandika tano kwa siku moja, kisha kimya wiki sita.

Katikati ya hizo ipo moja aliyoiandika mwenyewe, aya nne, kuhusu daraja la miti linaloelekea zahanati ya kijiji chao, lililoondoka na maji. Alisema lini lilibomoka, wajawazito wanavukia wapi sasa, na mwenyekiti wa kijiji alijibu nini. Picha ni yake, imepinda kidogo. Hiyo peke yake imesomwa mara nyingi kuliko zote zilizobaki zikijumlishwa. Chini yake watu wameandika maswali. La mwisho ni la mtu aliyeko mbali na nyumbani, anauliza kama daraja limeshatengenezwa, kwa sababu dada yake anakaribia kujifungua.

Liliulizwa mwezi wa tatu. Mpaka tunaandika makala haya, lilikuwa halijajibiwa. Tumempigia kijana, amesema kesho anakwenda kuangalia.