Chumvi, Chupa na Jua la Kibabii

Chupa ni ya kioo, kavu, na kifuniko chake kinabana. Mama mmoja anatia chumvi aliyoianika juani mpaka ikawa inamwagika kama mchanga, anaongeza konzi kadhaa za mahindi, anafunga na kutikisa. Kisha anaiweka chini na kushika kazi nyingine kwa muda wa robo saa hivi. Akirudi, hatazami mahindi, anatazama kioo. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayaingii guniani. Kioo kikiwa safi na chumvi yote imelala chini, mahindi yamekaribia.

Yamekaribia tu, anasisitiza. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chupa haioni tofauti hiyo ndogo. Kwa hiyo hata chupa ikikubali, yeye huyaacha mahindi yapigwe na jua siku moja zaidi.

Nilifika Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, nikitafuta habari za sola. Chupa hii ndiyo iliyokataa kunitoka akilini.

Biashara ya mama huyu ni kukausha mahindi ya majirani kwa malipo ya kila gunia. Kikaushio chake ni kibanda kirefu cha nailoni angavu, na ndani mna vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Jua hupasha hewa joto, na feni ndogo mwishoni huivuta nje pamoja na mvuke wa mahindi. Feni imeunganishwa moja kwa moja na paneli ya sola, haina betri. Jua likiwaka sana, mvuke huwa mwingi na feni huenda kasi. Wingu likipita, vyote viwili hupungua pamoja. Mama anaueleza mpango huo kwa fahari, na nadhani anastahili. Mvua ya alasiri, ambayo watu wa Bungoma wanaijua, ndiyo adui yake. Siku mbili za mawingu mazito zinatosha kumkosesha usingizi, maana mahindi yaliyorundikana yakiwa na maji hupata joto na kuota ukungu.

Ukungu huo si jambo la kuchezea. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu itokayo kwenye ukungu wa aina hiyo, iliua watu 125 huko Ukambani, miongoni mwa 317 walioripotiwa kuugua. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo.

Lakini nilipomuuliza kinachomsumbua zaidi, mama hakutaja ukungu wala mvua. Alitaja mizani. Tulipiga hesabu pamoja: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na kilo 83 na ushei. Karibu kilo 7 zimekwenda na hewa, zaidi ya gorogoro tatu. Broka anayefika shambani na lori hapimi unyevu. Analipa bei ileile kwa mahindi mabichi na makavu, kwa hiyo anayekausha anauza pungufu, na juu yake amelipia kukausha. Mama anasema wateja wake wengi si wauzaji hata kidogo. Ni wanawake wanaoweka chakula cha nyumbani hadi Julai, wanaojua watoto watakula nini. Wenye mahindi mengi ya kuuza hawamjii.

Basi nani alipe gharama ya ukavu? Ikiwa ni mwenye kuuza peke yake, kikaushio cha sola kitabaki huduma ya wenye hofu, wala hakitakuwa biashara ya kukua. Kitale, kwenye mashamba makubwa ya Trans Nzoia, mkulima mwenye lori hupeleka mzigo kwenye mashine kubwa za kukaushia. Mwenye magunia manne huanika kandokando ya lami, kuku wakila na magari yakikanyaga.

Kuna Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019, ambayo kwayo mahindi makavu yaliyowekwa ghalani yanaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kwa mwanamke asiye na hati ya shamba, hilo ni jambo kubwa. Nilimuuliza mama kama kuna mteja wake yeyote aliyepata mkopo kwa njia hiyo. Alitikisa kichwa, akauliza ghala lenyewe liko wapi.

Sola imefanya kazi yake pale Kibabii. Kilichobaki ni soko. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zinatoza ushuru wa soko kwa kila gunia. Zihakikishe basi kila soko la nafaka lina kipimo cha unyevu mahali ambapo muuzaji anakiona, na bei itajwe baada ya kupima. Mavuno ya Oktoba hayasubiri.