Nyiragongo na Watu Wake, Sehemu ya Tano: Mpimaji wa Madini Aliyebadili Njia Akiwa na Miaka 33

Januari 2025 iliwapiga watu wa Goma mara mbili. Tarehe 20 Washington ilisimamisha misaada ya nje, na mwaka uliotangulia Marekani ndiyo iliyolipa karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Wiki moja baadaye waasi wa M23 wakaingia mjini. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Mapigo yote mawili yaliangukia kundi moja zaidi ya mengine: watu wa miaka thelathini na kitu, wasomi, wenye familia, ambao tangu watoke chuoni mwajiri wao amekuwa ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali. Mhasibu wa mradi, mlogisti, dereva wa jeep nyeupe. Mkataba umekwisha na mwingine hauonekani. Hata aliyekuwa na akiba benki ilimbidi avuke mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kuzitafuta fedha zake mwenyewe.

Kuanzia Birere hadi soko la Virunga swali limekuwa moja: mtu wa miaka 35, mwenye watoto wanaodaiwa ada ya shule, ataanzaje kazi nyingine? Msomaji aliyeufuata mfululizo huu tangu mwanzo, anayelijua ziwa la lava la Nyiragongo na nyufa zilizotema lava mwaka 1977, hatashangaa jibu likitafutwa mlimani. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu Nyiragongo ilianzia kwa mtu aliyebadili kazi hapa hapa Kivu, akiwa na umri unaokaribia huo.

Haroun Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914. Baba yake, daktari, aliuawa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na mama akahamia Ubelgiji na mwanawe. Kijana akasomea kilimo huko Gembloux, akahitimu mwaka 1938. Angeweza kubaki mtaalamu wa kilimo maisha yake yote. Vita ya pili ikamkuta, akajiunga na waliowapinga Wajerumani kwa siri, na katikati ya hatari hiyo akarudi darasani Liège kusomea jiolojia ya madini. Alipata shahada hiyo mwaka 1944, akiwa na miaka 30. Hapo tayari alikuwa amebadili njia mara moja.

Mwaka 1945 alikuja Kongo, akaanzia kwenye madini ya bati Katanga, kisha akahamia idara ya jiolojia Kivu. Kazi yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kupima miamba, kuchora ramani, kuandika ripoti. Machi 1948 ardhi ilipasuka ubavuni mwa Nyamuragira, ukazaliwa mlima mdogo ulioitwa Kituro. Idara ikamtuma kutazama. Alikuwa na miaka 33 na hakuwa amewahi kuona volkano ikilipuka.

Mtumishi mwingine angetazama kwa mbali, akajaza karatasi zake, akarudi Bukavu kula chakula cha jioni. Tazieff alisogea. Alipanda Kituro huku mawe yenye moto yakirushwa juu na kuanguka kandokando yake, akapima, akapiga picha. Mwaka huo huo akaenda Nyiragongo, akashuka ndani ya tundu lake kubwa, na chini ya moshi akaliona ziwa la lava likichemka. Tangu siku hizo mpimaji wa bati akawa mtu wa volkano. Mwaka 1951 alitoa kitabu chake *Cratères en feu*. Mwaka 1959 ikatoka filamu yake *Les Rendez-vous du diable*. Na kati ya 1984 na 1986 Ufaransa ilimweka serikalini kushughulikia kinga dhidi ya majanga ya asili. Aliaga dunia Februari 1998.

Haki itendeke: alikuwa Mzungu katika koloni, na mshahara wa serikali ulimkinga wakati akijifunza. Wapagazi Wakongo waliobeba kamba na mahema kwa ajili ya safari za namna hiyo waliijua njia ya mlimani kuliko yeye, na hakuna idara iliyowauliza kama nao wangependa kusomea volkano. Dhuluma hiyo bado inatugharimu. Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, kilianzishwa mwaka 1986, lakini hadi leo ni vijana wangapi wa mtaa wa Majengo wanaoambiwa shuleni kwamba kuuchunga mlima ule ni kazi ya kulipwa? Mwaka 2020 ufadhili wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikwisha. Tarehe 22 Mei 2021 lava ikashuka hadi Buhene. Mji unaolala miguuni pa mlima wa namna hii hauwezi kuwaachia wafadhili elimu yake.

Lililo la kujifunza kwa Tazieff ni kwamba hakuutupa ujuzi wake wa zamani. Jicho lililozoea kusoma miamba ya bati ndilo lililoisoma lava. Mhasibu wa ONG anayefungua duka la unga leo naye haanzi mikono mitupu: anajua kuandika daftari la stoku, anajua deni linaloua na deni linalolea. Wengi wanaoshindwa hawashindwi na kazi mpya, wanashindwa na aibu. Mwenye lisansi anaogopa kuonekana na jirani akipakua magunia. Lakini mji huu ulimjengea msukuma chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara; hauna haki ya kumcheka mtu anayetokwa na jasho.

Mifano haikosekani. Patrice Lumumba alifanya kazi posta miaka mingi, akafungwa, akatoka, akauza bia Léopoldville hadi kuwa mkubwa wa mauzo. Oktoba 1958, akiwa na miaka 33, mke na watoto, alishiriki kuanzisha chama cha siasa cha MNC, na muda si mrefu bia akaiacha. Dian Fossey aliwahudumia watoto wenye ulemavu katika hospitali ya Louisville, Marekani. Mwaka 1963 alikopa fedha kuja kuiona Afrika, na Januari 1967, akitimiza miaka 35, alipiga hema Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, kuwachunguza sokwe wa milimani. Shahada ya kazi hiyo aliipata baadaye.

Lakini ujasiri unahitaji muda, na muda una bei. Goma ina vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, AVEC, karibu kila mtaa: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinahesabiwa mbele ya wote. Mkopo wake kwa kawaida hurudishwa ndani ya miezi mitatu. Muda huo unamfaa mwenye kununua samaki wa sambaza soko la Kituku asubuhi na kuziuza jioni. Haumfai anayejifunza ushonaji, ufundi umeme au kilimo cha kahawa. Wenyeviti wa AVEC wa Himbi, Katindo na Ndosho watenge sehemu ya sanduku kwa mikopo ya mwaka mmoja, kwa wanachama waliopoteza kazi na wanaojifunza nyingine. Waanze katika mgawanyo ujao wa akiba.