Kimo cha nyumba kinaanzia wapi?



Tulipokuwa tunajenga kanisa letu dogo upande wa Nzilo, karibu tumpoteze fundi kwa sababu ya mita 2. Barua ya ruhusa ilisema jengo lisipite mita 9. Fundi alipima, akapata 7.50. Mkaguzi akaja na mita yake, akapata 9.50, akasimamisha kazi. Jumapili iliyofuata mzee mmoja alisimama na kusema mbele ya watu kwamba fundi ametudanganya. Fundi hakuonekana ibadani majuma matatu.

Kumbe wote wawili walikuwa wamepima vizuri. Parseli yetu inateremka kuelekea ziwa. Fundi aliweka mita upande wa juu, penye barabara. Mkaguzi aliiweka upande wa chini. Kati ya pande hizo udongo unashuka mita 2. Barua ilitaja mita 9 bila kusema zinahesabiwa kutoka wapi, na mimi niliyeipokea sikuuliza.

Sheria za ujenzi zina njia mbalimbali za kujibu swali hilo. Kuna zinazopima kutoka barabarani. Sheria ya kimo cha nyumba ya Washington, Marekani, ya mwaka 1910, inaanzia kwenye njia ya waendao kwa miguu, mbele ya katikati ya jengo, na kupanda hadi sehemu ya juu kabisa ya paa. Kuna zinazochukua wastani wa udongo unaozunguka kuta. Kwa kanisa letu wastani ungekuwa mita 8.50: tuko ndani ya ruhusa.

Halafu kuna udongo wa kuongeza. Kanuni nyingine hukubali udongo uliokwisha kusawazishwa, lakini nyingine hushikilia udongo wa asili, na mimi naona hizo ndizo zinamlinda jirani. La sivyo mtu ataleta malori kumi ya udongo, ajaze parseli, aseme nyumba yangu inaanzia hapa, na jirani wa chini abaki na kivuli na maji ya mvua.

Juu nako kuna maswali. Paa la mteremko, kwa kanuni zinazofuatwa katika miji mingi ya Marekani, hupimwa hadi katikati yake, kati ya ukingo wa chini na kilele. Ukuta mfupi wa kuzuia watu wasianguke kutoka kwenye paa la bapa, ule ambao Kumbukumbu la Torati 22:8 inauagiza, mara nyingi hauhesabiwi. Minara ya makanisa pia: sheria ile ya Washington inaitaja waziwazi kwamba inaweza kupita kikomo. Lakini mchungaji asikimbilie kujenga mnara kwa kusikia hayo. Karibu na uwanja wa ndege hesabu inabadilika kabisa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaweka, kuzunguka viwanja vikubwa, kikomo cha mita 45 juu ya usawa wa uwanja wenyewe. Kanisa likiwa kilimani, kilima chote kinahesabiwa pamoja na mnara.

Hata baraji yetu ya Nzilo, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya umeme wa migodi, ina kimo tusichokiona chote. Wahandisi wa mabaraji hupima kutoka sehemu ya chini kabisa ya msingi, ndani ya mwamba, hadi ukingo wa juu. Wanayoiita baraji kubwa huanzia mita 15 kwa kipimo hicho. Kwao msingi ni sehemu ya kimo. Kwa nyumba, msingi uliofukiwa hauhesabiwi.

Tulimpelekea mkaguzi mchoro wenye vipimo vya pembe zote nne. Alikubali wastani, akaandika kwa kalamu kwenye barua: kutoka udongo wa asili, wastani wa pembe nne. Mzee yule alikwenda nyumbani kwa fundi kuomba msamaha, nami nikamsindikiza. Fundi alitupa viti, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama saruji imefunikwa vizuri.

Mnara wa kengele bado. Tumeuombea ruhusa yake peke yake, na safari hii mchoro unaonyesha kigingi cha chuma ambacho fundi alikipiga kwenye pembe ya barabara kabla ya mtu yeyote kugusa jembe.