Pesa za Tabianchi Hutoka Wapi, na Mbona Hazitengenezi Barabara Yetu?

Katika vikao vya wadi kuna swali ambalo haliishi kuulizwa: "Kama kaunti imepata pesa za mabadiliko ya tabianchi, mbona barabara yetu ni ile ile mbovu?" Ni swali la haki. Ili kulijibu, ni lazima tueleze pesa hizo hutoka kwa nani na zimefungwa kwa masharti gani.

Mwaka 2020 Kenya iliueleza Umoja wa Mataifa kwamba itahitaji takriban dola bilioni 62 kufikia 2030 ili kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Karibu dola bilioni 44 kati ya hizo ni za kuwawezesha wananchi kuhimili ukame, mafuriko na joto. Serikali ilisema itajigharamia asilimia 13 ya jumla hiyo, na sehemu iliyobaki itategemea usaidizi wa kimataifa. Nchi yetu hutoa sehemu ndogo sana ya hewa chafu yote duniani. Mkulima wa Kathonzweni hajamharibia mtu hali ya anga, lakini mvua ikikosekana, mahindi yake ndiyo hunyauka. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, zaidi ya mifugo milioni 2.5 walikufa humu nchini.

Pesa za kazi hii hufika Makueni kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfuko wetu wenyewe. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuweka kanuni za hazina ya tabianchi, mwaka 2015, na kanuni hizo zilitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi bilioni moja ya maendeleo, milioni 10 huingia katika hazina hiyo. Mfumo wenyewe ulijaribiwa kwanza Isiolo, kisha ukaletwa kwetu na katika kaunti za Kitui, Wajir na Garissa. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya pesa, asilimia 70, hutumika kwa miradi iliyochaguliwa na wananchi wa wadi.

Njia ya pili ni mpango wa kitaifa wa FLLoCA, unaosimamiwa na Hazina ya Kitaifa. Benki ya Dunia iliuidhinisha Oktoba 2021 kwa dola milioni 150, na Denmark, Uswidi na Ujerumani pia zinauchangia. Hapa tuseme wazi jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini: hizo dola milioni 150 ni mkopo. Masharti yake ni nafuu, lakini utalipwa kwa ushuru wetu na wa watoto wetu. Kwa hivyo silanga iliyochimbwa vibaya ikavuja haijampotezea mfadhili pesa peke yake.

Kaunti haipati pesa za miradi za FLLoCA kwa kuomba tu. Kila mwaka wakaguzi huru huja kuangalia kama ina sheria na hazina ya tabianchi, kama imetenga pesa zake yenyewe, na kama kamati za wadi zipo na zinafanya kazi. Kaunti ikishindwa kutimiza masharti hayo, hukosa mgao wa miradi. Kisha kila mradi ni lazima utokane na tathmini ya hatari iliyofanywa pamoja na wananchi. Hapo ndipo barabara nyingi hukwama. Kumwaga changarawe ni maendeleo, na kuna bajeti nyingine ya kazi hiyo. Lakini kama kivuko hubebwa na mafuriko kila masika na wagonjwa hushindwa kufika zahanati, hatari hiyo inaweza kuandikwa katika tathmini na kujadiliwa. Ni lazima mtu aiseme kikaoni.

Mfano mzuri wa mradi unaotimiza masharti tunao hapa nyumbani: bwawa la mchanga. Ukuta wa zege na mawe hujengwa kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya chembe zake. Jua haliyafikii kwa urahisi, na mbu hawazaliani humo. Miezi kadhaa baada ya mvua, kisima kilichochimbwa kando bado hutoa maji. Lakini ukuta ukiwekwa mahali pasipo na mwamba, maji hupita chini yake. Ukijengwa mahali ambapo mto hubeba udongo laini badala ya mchanga, utajaa matope. Mhandisi hupima mwamba, lakini mzee aliyekulia kando ya mto ndiye ajuaye maji hubaki wapi mwezi wa Septemba. Na malori yakija usiku kuzoa mchanga, bwawa limekwisha hata kama ukuta umesimama. Ndiyo maana kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Kuhusu kuchelewa kwa miradi, malalamiko yenu yana msingi. Pesa za wafadhili huja kama ruzuku yenye masharti, na haziwezi kutufikia kabla ya Bunge la Kitaifa na Seneti kupitisha sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti. Mabunge hayo yakivutana, mkandarasi husubiri na mvua hupita. Baadhi ya ucheleweshaji hutoka kwetu, katika zabuni na makaratasi.

Kila wadi kati ya wadi zetu 30 ina kamati ya kupanga masuala ya tabianchi, ambamo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanapaswa kuwa na viti. Waulize wanakamati wako mradi gani uko mbele katika orodha na kwa sababu gani. Mradi ukianza kujengwa, uliza gharama yake, jina la mkandarasi, na ni nani katika kamati ya usimamizi wa mradi anayepaswa kuridhika kabla mkandarasi hajalipwa. Usipojibiwa, andika barua na uiwasilishe kwa afisi ya msimamizi wa wadi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kukujibu. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe, kwani siku hizo huhesabiwa tangu barua ilipopokelewa.