Kwa nini mpini wa kisu hulegea, na namna ya kuukereza usilegee

Kisu kinachocheza kwenye mpini ni hatari kuliko kisu butu. Mama anayemenya muhogo wa makopa kule Newala hukishika kwa saa nyingi, mkono ukiwa umelowa. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ukizunguka kidogo tu, makali yanageukia kidole gumba. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni moja: kwa nini mpini mpya, uliogongwa ukakaza vizuri, huanza kucheza baada ya miezi michache?

Wengi humlaumu mhunzi. Sisi tunaona mara nyingi lawama hiyo inamwendea asiyehusika. Chuma kimebaki vilevile. Kilichobadilika ni mti.

Mti hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hata baada ya kukatwa miaka mingi. Ukinywa hutanuka, ukikauka husinyaa, na mabadiliko hayo huwa kwenye unene wake. Urefu karibu haubadiliki. Hapa kwetu tofauti ya misimu ni kubwa. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua, kisha kiangazi kinaingia na upepo mkavu wa Juni na Julai unapita juu ya uwanda wa Makonde. Mpini uliotengenezwa kwa mti mbichi mwezi Februari ukifika Julai umesinyaa. Msuka ndani yake haukusinyaa, kwa hiyo mti unabanwa na chuma chake wenyewe hadi unapasuka kufuata nyuzi. Noleo nalo, ile pete ya bati au shaba inayofunga mdomo wa mpini, linabaki kubwa kuliko mti uliopungua, kisha linadondoka siku usiyoitegemea.

Kuna wanaotumbukiza kisu kwenye ndoo ya maji ili mpini ukaze. Kweli utakaza jioni hiyo. Lakini mti ukitanuka huku umezibwa na noleo kwa nje na msuka kwa ndani, nyuzi zake zinajiponda. Ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Kila ukiloweka, unalegeza zaidi.

Sasa tuje kwenye mashine ya kukereza. Mchongaji wa Kimakonde hutuliza kipande cha mpingo, akapeleka tezo na patasi juu yake. Mkerezaji hufanya kinyume: mti ndio unaozunguka, patasi imetulia juu ya egemeo. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda namna hiyo kwa keezo iliyozungushwa kwa uta na kamba, zamani sana kabla ya mota ya umeme. Faida yake kwa mpini ni kwamba unene unakuwa sawa pande zote, na mdomo unatoka mviringo kamili wa kuvalishwa noleo bila kuacha nafasi.

Mti upi? Mpingo unasifiwa, na sifa ni za haki: moyo wake mweusi ni mzito kiasi cha kuzama majini, haunywi maji haraka na haubunguliwi kirahisi. Mninga na mkongo pia ni miti mizuri, na ni laini zaidi kwa anayejifunza. Ule weupe wa nje wa mpingo uuache, maana wadudu wanaupenda. Usitafute gogo zima kwa ajili ya mipini. Vipande vifupi vinavyobaki kwa wachongaji vinatosha, kwa sababu mpini wa kisu cha jikoni ni sentimita 11 au 12 tu kwa urefu, na unene wake hauzidi 3.

Ukauke kwanza. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, maana mteja ana haraka na fundi ana njaa. Pasua vipande vya mraba wa sentimita 4, vipake nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili visipasuke, kisha vipange kivulini penye upepo. Mpingo hukauka polepole, hivyo hesabu miezi mingi. Mizani ya dukani itakusaidia: pima kipande kila baada ya wiki mbili, andika uzito juu yake kwa kalamu. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka.

Kisha toboa tundu la msuka kabla ya kukereza. Wengi hukereza mpini ukapendeza, ndipo wanatoboa, na keekee inakwenda upande. Ukitoboa kwanza, ukakishika kipande kwa tundu hilohilo kwenye mashine, umbo lote la nje litalifuata tundu na msuka utakaa katikati. Tundu liwe na kina cha sentimita 6 hadi 8. Sehemu ya noleo ikereze iwe kubwa kidogo kuliko pete yenyewe, kiasi cha kuingia kwa kugongwa.

Mpini wa mviringo mtupu nao una kasoro: unajizungusha kiganjani, na mshikaji hajui makali yameelekea wapi bila kutazama. Baada ya kukereza, punguza pande mbili kwa tupa mpaka uwe kama yai lililobanwa. Kwa patasi na tupa zenyewe, mviringo unafaa. Panga ni habari nyingine, kwa sababu chuma chake ni bapa na mpini wake ni vipande viwili vilivyopigwa ribiti. Mashine hii haina kazi hapo.

Kuchoma msuka hadi uwe mwekundu na kuusukuma ndani ya mti ni njia ya wazee, na inafanya kazi ikiwa tundu limeshatobolewa na moto unamalizia umbo tu. Ukichoma tundu lote, unaacha mkaa ndani, na mkaa unasagika. Funga bamba la kisu kwa kitambaa kilicholowa, maana moto ukifika kwenye makali yanalegea na hayatashika kunolewa tena.

Kwenye mashine, vua glovu, saa na mkufu. Kanga na mikono mirefu vifungwe. Glovu ikinaswa inavuta mkono mzima. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo fanyia kazi mahali penye hewa na uzibe pua na mdomo.

Kuhusu sheria: mpingo wa porini hauvunwi bila kibali, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hata kama umesimama karibu na shamba lako. Kabla ya kukata, uliza serikali ya kijiji na ofisi ya TFS ya wilaya. Ukinunua vipande kwa mchongaji, omba risiti na uitunze.

Na kwa aliye na kisu kinachocheza leo, bila mashine: kiache kikauke juani siku nzima, chomoa msuka, kwangua kutu na mkaa wote. Changanya gundi ile ya mirija miwili na unga wa mbao, jaza tundu, rudisha msuka ukiwa umenyooka, futa inayofurika. Noleo likiwa limelegea, libane kwa koleo au funga waya wa shaba mizunguko sita ya kubana. Kisimamishe, bamba likitazama juu, mahali ambapo watoto hawafiki, na usikiguse hadi kesho yake.