Sista, Kuna Swali la Bunge

Majibu mengi ya Serikali bungeni huanzia mbali na Dodoma. Naibu Waziri anaposimama asubuhi na kusema, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo," takwimu anazosoma zimeshapita kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, na mwanzo kabisa zilichotwa kwenye rejista na mtu kama mimi. Nilikuwa mkunga, na kwa miaka mingi muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya cha kata hadi nilipostaafu. Simu ikipigwa kutoka wilayani, maneno yalikuwa yaleyale: "Sista, kuna swali la Bunge. Nataka takwimu kabla ya saa sita."

Hapo unamwachia mwenzako zamu, unafungua MTUHA kitabu namba 12, ndiyo rejista ya wodi ya wazazi, unahesabu waliojifungua mwezi kwa mwezi. Ukimaliza unachukua leja uone glovu ziliingia lini na ziliisha lini. Aliyeuliza ni nani, na ameuliza nini hasa, sisi hatukuambiwa. Tuliombwa idadi tukatoa idadi. Nilipoanza kufuatilia kipindi cha maswali redioni ndipo nilipoona idadi zetu zinavyotumika, na jinsi swali lilivyoulizwa linavyoamua kama zitasomwa au zitabaki kwenye jalada.

Haki ya kuuliza imo kwenye Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali, na inamruhusu mbunge kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake. Swali la msingi huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge, kisha hupangiwa siku na wizara husika huandaa jibu. Alhamisi huwa zamu ya Waziri Mkuu, naye huulizwa papo kwa papo.

Wizara ipi hujibu? Hapa ndipo wananchi wengi hupotea. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Sera, Bohari ya Dawa, na hospitali za rufaa ziko Wizara ya Afya; zile za mikoa zilihamishiwa huko mwishoni mwa mwaka 2017. Kwa hiyo glovu ikikosekana kituoni, kituo ni cha TAMISEMI na bohari ni ya Afya. Mbunge akiuliza upande mmoja tu, atapata nusu ya jibu, na hiyo nusu itakuwa ya kweli kabisa.

Niizungumze hiyo glovu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito ahudumiwe bila malipo, pamoja na mtoto wa chini ya miaka mitano. Miaka mingi niliyofanya kazi, mama alikuja kujifungua na beseni, na ndani ya beseni mna glovu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu na mpira wa kutandika kitandani. Sisi ndio tuliomwandikia orodha kliniki, kwa sababu tulijua stoo yetu ina nini. Usiku mmoja aliletwa binti wa mimba ya kwanza, amepakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mama mkwe wake, njia imeshafunguka yote. Nilipouliza kwa nini wamechelewa hivyo, mama mkwe alinijibu kwa heshima, "Sista, tulikuwa hatujakamilisha vifaa." Mwanawe alikuwa ametoka tangu mchana kutafuta hela ya glovu. Yule binti alijifungua salama, lakini walikuwa wamekaa nyumbani na uchungu kutwa nzima wakiogopa kuja mikono mitupu mahali ambapo sera inasema huduma ni bure. Sijawahi kulisahau jibu lile.

Sasa sikiliza jambo hili linavyoulizwa bungeni: "Je, Serikali ina kauli gani kuhusu wajawazito wanaotakiwa kununua vifaa vya kujifungulia?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa sera. Utasomewa mwaka 2007, utaambiwa huduma ni bure, na kwamba viongozi wa vituo wamekumbushwa kuzingatia mwongozo. Ukiomba kauli utapewa kauli.

Mbunge aliyejiandaa hungoja maswali ya nyongeza. Muulizaji huruhusiwa mawili, na hayo hayajapelekwa wizarani mapema. Hapo ndipo karatasi za kituoni zinapopata kazi. Kituo kikiagiza glovu na Bohari ya Dawa isiwe nazo, hupewa taarifa rasmi ya kukosekana, ndipo kiruhusiwe kwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji wa binafsi aliyeteuliwa na mkoa. Kila hatua ina tarehe. Mbunge mwenye tarehe hizo akisimama na kusema kituo fulani kiliagiza mwezi fulani, kikakosa, na katika miezi miwili iliyofuata akina mama kadhaa walijifungua kwa glovu za kununua, Naibu Waziri hana sera ya kumsomea. Ama ataeleza, ama ataahidi. Ahadi hiyo huingia kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye tovuti ya Bunge.

Silaha nzito zaidi hutoka wakati wa bajeti, kati ya Aprili na Juni. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi hupitia mafungu moja moja. La Wizara ya Afya ni Fungu 52, la TAMISEMI ni Fungu 56. Mbunge asiyeridhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri, ndiko kunakoitwa kushika shilingi. Wengi huchukulia kama mchezo. Mimi naona ndiyo dakika pekee ambayo Waziri mwenyewe analazimika kubaki kwenye jambo moja, na wabunge wengine wakachangia, mpaka mwenye hoja airudishe shilingi au kura ipigwe. Tatizo ni muda. Saa zikiyoyoma huja gilotini, mafungu yakapitishwa bila mjadala.

Na kwenye bajeti swali lenye faida kubwa hugusa fedha zilizotoka. Mwezi Aprili 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na sisi hatujafika huko. Lakini hata zile tunazotenga, kituo hakiwezi kununua glovu kwa fedha zilizoidhinishwa. Kinanunua kwa zilizoingia. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambazo huwasilishwa bungeni kila Aprili, hutoa nafasi ya kulinganisha. Zikitumiwa vizuri zinauma: mwaka 2012, mwaka wa mgomo wa madaktari, taarifa hiyo ilizua mjadala mkali bungeni, na Rais Kikwete alipopanga upya Baraza la Mawaziri mwezi Mei, Waziri wa Afya alikuwa miongoni mwa walioachwa.

Bunge la Uganda lina kamati maalumu ya kufuatilia ahadi ambazo Serikali imetoa ukumbini. Hilo ningependa kuliona Dodoma likipewa uzito uleule, maana nimesikia kata moja ikiahidiwa kituo cha afya tangu enzi za Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa mwaka 2007 uliosema kila kijiji zahanati na kila kata kituo. Kila baada ya uchaguzi mbunge mpya anaanza upya, "Je, ni lini Serikali itajenga?" na jibu ni kadiri fedha zitakavyopatikana. Angefungua Hansard ya mtangulizi wake, angeuliza kuhusu ahadi yenyewe na tarehe yake.

Wananchi wa kata yangu wananiuliza wamwambie nini mbunge akija ziara. Nawaambia waache "huduma ni mbovu". Wampe jina la kituo, mwezi, kifaa kilichokosekana, na stakabadhi za duka la dawa. Kamati ya usimamizi wa kituo ina wawakilishi wao, na taarifa hizo wana haki ya kuziomba.

Mimi nimeshaandika la kwangu, nitampa kabla ya kikao cha bajeti: "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa Sera inasema mjamzito ahudumiwe bila malipo, je, katika mwaka huu wa fedha vituo vya afya vya halmashauri yetu viliagiza glovu na vibanio vya kitovu kiasi gani kutoka Bohari ya Dawa, vilipokea kiasi gani, na wanawake wangapi walijifungua katika vituo hivyo katika kipindi hicho hicho?"